Mbao Kavu ya Kukereza: Jinsi ya Kuichagua Nairobi Bila Kuuziwa Maji

Usiku wa manane, mwezi wa Januari, nilisikia mlio sebuleni kama wa kijiti kinachovunjwa. Nikawasha taa. Bakuli la mutamaiyo (mzeituni mwitu) nililokuwa nimemaliza kulikereza, yaani kulichonga likizunguka kwenye mashine, siku nne kabla, nikalipaka mafuta na kuliweka pale ambapo kila mgeni angeliona, lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Ufa wenyewe ulitosha kupitisha kadi ya benki. Aliyeniuzia lile gogo alikuwa ameniapia: "Fundi, hii imekaa miaka miwili, ni kavu kabisa." Kukaa lilikuwa limekaa, sibishi. Ila lilikaa nje, na gome lake, juu ya udongo.

Tangu siku hiyo neno "kavu" nalisikia kama ninavyosikia "niko njiani" ya mtu wa Nairobi: huenda amefika Muthaiga, huenda bado anaoga. Yafuatayo ndiyo ninayofanya sasa kabla sijatoa pesa, na baada ya kuzitoa.

1. Jua unakereza nini kabla hujatoka nyumbani

Swali lenye uzito si aina ya mti, ni unene. Maji hutoka ndani ya mbao polepole mno. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao ikiwa imepangwa mahali penye hewa na kivuli. Miti migumu sana huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Sasa piga hesabu: kipande cha inchi nne, cha bakuli, kinataka miaka minne au zaidi. Ni nani katika soko la Gikomba atakayelipia kibanda miaka minne akikitazama kipande kimoja?

Kwa hiyo mimi hugawa kazi zangu hivi. Vitu vyembamba, kama mti wa kusukumia chapati, mpini wa patasi, kinara cha mshumaa na kirungu cha kupondea vitunguu saumu, nanunua mbao ya inchi mbili kwa mbili au tatu kwa mbili iliyokauka. Hizo zinapatikana. Miguu ya meza natafuta tatu kwa tatu, na nikikosa iliyokauka kweli, naunganisha mbao mbili nyembamba kwa gundi nyeupe ya mbao, nikilinganisha mkondo wa nyuzi ili mstari wa gundi usionekane sana. Mbao ya bakuli sinunui iliyokauka kabisa. Nitaeleza sababu huko chini, kwa sababu ndilo jambo lililonigharimu.

2. Chagua mti unaofaa kazi, si ule wenye jina kubwa

Mpingo kila mtu anautaka. Ni mzito kiasi kwamba hauelei majini, unang'aa bila hata kupakwa kitu, na patasi ikiwa butu utaijua mara moja. Lakini kipande kikubwa kisicho na ufa ni adimu. Isitoshe, tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo ukitaka kuvusha mpingo ghafi mpakani utaulizwa karatasi. Mimi huutumia kwa vitu vidogo tu: vifungo, pete, kifuniko cha kijaluba.

Mhugu ndio mti wa wachongaji. Nyuzi zake ni laini, unashika mikato midogo, na una harufu ambayo ukishaizoea huisahau. Umevunwa mno, ndiyo maana mwingi unaokutana nao siku hizi ni vipande vidogo. Wachongaji wengi wa Ukambani wamehamia kwenye mjakaranda, mwarobaini, mwembe na mgrevilea, na mkerezaji hana sababu ya kujiona bora kuliko wao.

Mjakaranda ni mweupe na mwepesi, unakerezeka kama siagi, na haupasuki kwa hasira. Kwa anayeanza sina mti mwingine wa kumshauri. Ubaya wake ni kwamba ukikaa na unyevu bila hewa huota madoa ya buluu. Mgrevilea, uliojaa mashamba ya Kiambu na Murang'a, una madoa yanayometa kama magamba ya samaki ukipasuliwa upande unaofaa, lakini utomvu na vumbi lake huwawasha watu wengine ngozi. Mbuni, yaani mti wa kahawa, uliong'olewa shambani hutoa vipande vyembamba, vigumu na vizuri ajabu kwa mipini.

Mvule ni mzuri na hauliwi na mchwa kirahisi, ila una siri moja: ndani yake huweza kuwamo jiwe. Jiwe hasa, la chokaa, ambalo mti wenyewe umelitengeneza, na kwa nje hulioni. Nilikutana nalo nikikereza mguu wa stuli. Cheche ziliruka, na patasi niliyoinoa asubuhi hiyo ikawa na pengo kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Sasa nikiona kwenye mvule sehemu yenye rangi nzito isiyoeleweka, naigonga kwanza kwa ncha ya msumari.

Na "mahogani"? Kwenye yadi nyingi hilo ni jina la rangi, si la mti. Mbao ngumu nyingi zinazouzwa hapa hutoka Kongo, Uganda na Tanzania, na mpaka zifike Nairobi jina limebadilika mara tatu. Usilipie jina. Lipia kipande kilicho mkononi mwako.

3. Pa kutafuta

Gikomba kuna uteuzi mkubwa na kelele nyingi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, si Jumamosi, umkute muuzaji ana muda wa kukuachia upekue. Omba vipande vilivyo katikati ya rundo chini ya paa. Vya juu kabisa vimepigwa na jua vikapasuka, vya chini vimenyonya maji ya sakafu. Watengenezaji fanicha wa barabara ya Ngong nao hubaki na vichwa vya mbao vya futi moja au moja na nusu ambavyo kwao ni kuni. Kwako hiyo ni miti ya chapati ya mwaka mzima.

Hazina yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwenye nyumba zinazobomolewa. Kilimani, Kileleshwa na Lavington, nyumba za zamani zinaangushwa kila kukicha kupisha magorofa, na ndani yake mna milango, fremu, ngazi, na ile sakafu ya vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa kama mkeka. Nyingi ya sakafu hizo ni mhugu au mvule. Vipande hivyo vimekaa ndani ya nyumba miaka hamsini, vimekanyagwa, vimepigwa deki, na viko kavu hadi kwenye kiini. Nilinunua gunia moja kwa msimamizi wa ubomoaji, mzee mmoja aliyekuwa akiviwasha kuchemshia chai. Nilipomwambia nitavitengenezea mipini alicheka, akasema, "Chukua, kijana wangu, lakini sufuria ya leo uniachie za kutosha."

Mbao za kuokota namna hii zina masharti yake. Chini ya vipande vya sakafu kuna lami. Ikwangue au ikate kabisa, usiiweke kwenye mashine, maana itapashwa moto na kuziba msasa. Pitisha sumaku kila upande kutafuta misumari. Rangi ya zamani kwenye milango huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Na mbao yoyote yenye rangi ya kijani iliyoingia ndani, au kipande cha nguzo ya stima, iache palepale. Imetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na ile ya kijani mara nyingi ina aseniki. Si ya bakuli, si ya mwiko, wala vumbi lake si la mapafu yako.

Kuna pia miti inayoangushwa na mvua za Aprili na Novemba barabarani na mashambani. Hiyo ni mibichi, na ina mwenyewe: omba ruhusa. Ukinunua yadi, chukua risiti, na kama mzigo ni mkubwa muulize muuzaji kibali cha Huduma ya Misitu cha kuusafirisha. Msandali usiuguse, hata ukiletewa kwa bei ya kutupa. Uvunaji wake ulipigwa marufuku nchini 2007.

4. Kagua kipande

Anza na vichwa, yaani ncha mbili zilizokatwa. Huko ndiko mbao hutolea maji haraka kuliko ubavuni, kwa hiyo huko ndiko hupasuka kwanza. Nyufa ndogo za kichwani si kosa, zitakatwa. Kosa ni kutojua zinaishia wapi. Nina kichupa cha spiriti mfukoni: namwaga matone machache, nafuta kwa kitambaa, kisha natazama. Uso wote unakauka ndani ya sekunde chache, lakini palipo na ufa panabaki mstari mweusi uliolowa. Wauzaji wengine hawapendi mchezo huo. Hao nawaaga kwa heshima.

Tazama kama kiini cha mti, ile nukta ya katikati ya pete za ukuaji, kimo ndani ya kipande. Kikiwamo, kipande kitapasuka kukizunguka, leo au mwaka ujao. Sababu ni kwamba mbao hunywea karibu mara mbili zaidi ikifuata pete kuliko ikielekea kwenye kiini, na kwa urefu hainywei sana. Pete inataka kufupika, kiini hakiipi nafasi, matokeo yake ni ufa. Ndiyo maana pia kitu cha duara kilichokerezwa kikiwa kibichi hugeuka kuwa yai.

Kisha kigonge kwa vifundo vya vidole ukikishika kwa ncha mbili za vidole vya mkono mwingine. Kikavu hulia kwa sauti ya juu, kibichi hujibu kwa sauti nzito iliyozama. Chenye ufa wa ndani hutoa sauti ya mtungi uliopasuka. Kiguse shavuni: kibichi huwa na ubaridi. Vipimo hivi ni vya kuchuja tu, usiviamini peke yake.

Uzito huaminika zaidi. Mvule mkavu una kilo kati ya 600 na 700 kwa mita ya ujazo. Kipande cha tatu kwa tatu chenye urefu wa futi moja, kikiwa kavu, kitakuwa na kilo moja na gramu mia moja au mia mbili hivi. Ukikiweka kwenye mizani kikasoma kilo moja na nusu, hizo gramu za ziada ni maji unayouziwa kwa bei ya mvule. Ninabeba mizani ile ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mizigo ya safari.

Vitundu vidogo vyenye unga laini unaomwagika ukikigonga vina maana kuna mdudu bado anakula ndani. Vitundu vikavu visivyo na unga huenda ni vya zamani, lakini mimi sipeleki hata hivyo nyumbani bila kuvitenga. Sehemu nyeupe ya nje ya mti ndiyo anayoipenda zaidi.

5. Kata, pima, andika

Kifaa cha kupima unyevu, kile cha pini mbili, kinasaidia, lakini pini zake haziingii zaidi ya milimita chache. Kinasoma ngozi ya mbao tu. Ukiwa nacho, omba kichwa kikatwe inchi mbili kisha udunge katikati ya mkato mpya. Tofauti itakushangaza: nje asilimia 13, ndani 24.

Ukikosa kifaa, mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande chembamba, cha sentimita moja hivi, kutoka mbali kidogo na kichwa. Kipime papo hapo. Kitie kwenye ovena kwenye joto la nyuzi 103 au karibu na hapo, ukipime kila baada ya saa moja au mbili hadi uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Changu cha mwisho kilianza na gramu 62 kikaishia gramu 54: nane kwa hamsini na nne, karibu asilimia 15. (Mwambie mwenye jiko kabla. Harufu ya mhugu kwenye keki haisameheki.)

Asilimia hiyo ina maana gani? Mti mbichi hubeba maji ya aina mbili: yale yaliyojaa kwenye matundu, na yale yaliyoshikana na kuta za nyuzi. Ya kwanza hutoka bila mbao kubadilika umbo. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30, matundu ni matupu na kuta ndizo zinaanza kutoa yake, na hapo ndipo kunywea kunapoanza. Kwa hiyo kipande kinaweza kuwa kimepungua uzito sana, hakina ufa hata mmoja, na bado hakijaanza vituko vyake. Mutamaiyo wangu ulikuwa hapo.

Ndani ya nyumba ya Nairobi mbao hutulia karibu na asilimia 12. Itapanda kidogo wakati wa masika na baridi ya Julai, na kushuka kwenye kiangazi cha Januari na Februari. Nikipata 14 au 15 nanunua bila wasiwasi. Zaidi ya 20 naweza kununua, lakini kwa bei ya mbao mbichi, na namwambia muuzaji hivyo hivyo.

6. Iache ikuzoee

Hata mbao iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia hunyonya tena ikikaa yadi wakati wa mvua. Ukifika nyumbani paka vichwa vyote nta iliyoyeyushwa au rangi nzito, mara mbili, ili maji yatoke ubavuni polepole. Andika kwa penseli tarehe na gramu kwenye kipande chenyewe. Kisha kipange juu ya vijiti, hewa ipite pande zote, mbali na jua na mbali na jiko. Usikiweke chini ya mabati yasiyo na dari, maana mchana huko ni tanuri. Vyangu viko chini ya kitanda, jambo ambalo nyumbani kwangu limeshajadiliwa na kupitishwa.

Pima kila Jumamosi. Uzito ukikaa palepale kwa wiki nne, hiyo ndiyo kavu yako.

7. Bakuli: nunua mbichi, kereza mara mbili

Kwa kuwa kipande kinene kilichokauka hadi ndani hakipatikani, badilisha mpango. Chukua gogo bichi la mjakaranda au mwembe, lipasue katikati ili kiini kitoke, kisha likereze haraka liwe kifuu kinene. Unene wa ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 25, ukuta wa sentimita mbili na nusu, sawasawa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Pasipo usawa ndipo patakapopasuka. Paka nta kwenye ukingo, kitie kwenye mfuko wa karatasi (ile ya khaki ya unga au simenti iliyokung'utwa) pamoja na maranda yake, na ukipime kila wiki. Kitageuka yai, na ndiyo sababu umekiachia unene. Baada ya miezi mitatu hadi sita, uzito ukitulia, kirudishe kwenye mashine ukikereze kiwe duara la mwisho.

Kabla ya kuwasha, tena spiriti. Bakuli la sentimita 25 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kilomita 47 kwa saa, mwendo wa matatu iliyopata nafasi Jogoo Road. Ufa ukifunguka hapo, kipande hakianguki miguuni, kinakuja usoni. Vaa ngao ya uso, anza kwa mwendo wa chini, simama kando ya mstari wa mzunguko, si mbele yake. Ufa mdogo uliokwisha tulia unaweza kujazwa supaglu na unga wa mbao ileile. Unaopita kutoka ukuta hadi ukuta, peleka jikoni. Na barakoa vaa siku zote, kwa mpingo na mvule hasa, maana vumbi lake huchokoza kifua na ngozi.

Lile bakuli la mutamaiyo nililikata. Kitako chake kilikuwa kizima, kikatoa vifungo sita vya koti la mama mkwe, ambaye hajui habari za ufa. Sasa hivi chini ya kitanda mna vifuu tisa vya mjakaranda vilivyonyeshewa na mvua za Novemba. Leo asubuhi namba saba: gramu 612. Jumamosi iliyopita: gramu 618. Bado.